Siku Gati la Reino Lilipofuata Barafu

Watu wa Ziwa Karhu wakiniona nasafisha koo dukani kwa Marlys, huwa wanatazamana kwanza. Ni kweli, nimewahi kusema kwamba mwaka mmoja theluji ilijaa hadi nikalipitisha greda juu ya paa la kanisa bila kujua, nikashtuka tu kusikia kinanda kikipigwa chini ya magurudumu. Niliendesha greda la theluji la wilaya maisha yangu yote ya kazi. Mtu aliyekaa peke yake na weupe kiasi hicho lazima atapata cha kusimulia. Lakini hii ya gati la Reino haina chumvi, au kama ipo, ni ile ya kuonjea tu.

Reino Kangas ni jirani yangu. Barabara ya ziwani inapita kwangu, inafika kwake, inaishia hapo kwa uchovu. Mkewe ni Lempi. Nyumba wanayokaa aliijenga baba yake Lempi kwa magogo aliyoyakata mwenyewe, na Lempi alizaliwa kwenye sauna yao, kile kibanda cha mvuke kilicho ukingoni mwa maji. Wengi wetu wa umri huu tulizaliwa hivyo. Zamani hizo ndicho kilichokuwa chumba chenye joto na maji safi, na mkunga alijua njia.

Majira ya baridi yale kifua cha Lempi kiligoma. Alikuwa akikohoa tangu mwaka wa nyuma, tukamzoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Kisha daktari wa mjini akamwambia mapafu yake yamechoka kabisa na moshi, na jiko la kuni lizimwe, lisiwashwe tena. Huku kwetu, kumwambia mtu azime jiko katikati ya baridi ni sawa na kumwambia aezue paa.

Denise, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Arizona, kule kwenye joto la jangwa, wakati wa Krismasi. Alilala chumba cha pili na usiku kucha alisikia kikohozi cha mama yake kupitia ukuta. Asubuhi nilikuwapo, maana Lempi hutengeneza mkate wa iliki siku za sikukuu na mimi pua yangu bado inafanya kazi vizuri.

"Mama," Denise akasema, "nitarudi majani yakishaanguka, na maboksi. Nikikuta nyumba hii ina joto bila moshi, nitayarudisha matupu. Nikikuta jiko linawaka, tunafungasha, tunakwenda kwangu. Baridi nyingine ya namna hii hutoki mzima."

"Nilikaa kwenu wiki moja," Lempi akajibu. "Nilimtazama mjusi, mjusi akanitazama. Mimi ndiye niliyechoka kwanza."

"Mjusi hakuumizi kifua."

"Na nyumba hii nimwachie nani, huyo mjusi?"

Reino ni mtu wa maneno machache mno. Inasemekana alimposa Lempi kwa kuinua nyusi. Lakini nilimwona anatazama mikono yake, ile mikono iliyopasua kuni za jiko lile miaka yote, kama mtu anayetazama kitu kilichomfanyia hila.

Njia nyingine tulizipitia pale pale mezani. Gesi ya mtungi: lori halifiki kwa Reino theluji ikikaza, na siku linapofika ndiyo siku usiyoihitaji. Hita za umeme: zinakula umeme kama mkwe mgeni. Kuchimba chini kutafuta joto la ardhini: chini yetu ni mwamba mtupu mpaka kuzimu. Nikasafisha koo, nikasema, "Kuna pampu ya joto."

Wakatazamana.

"Friji yenu hii," nikaendelea, "inafanya kazi gani?"

"Inapooza maziwa," Reino akasema.

"Inayanyang'anya maziwa joto. Na lile joto halipotei, linatupwa kwa nyuma. Denise, hebu pitisha mkono nyuma ya friji."

Denise akapitisha. "Kuna joto," akasema. "Na kuna kijiko."

"Hicho nakitafuta tangu Pasaka," Lempi akasema.

"Basi ziwa ndiyo maziwa. Nyumba yenu ndiyo huko nyuma ya friji. Tunazamisha mabomba chini kabisa, tunazungusha maji ndani yake, yanarudi na joto kidogo la ziwa. Mashine inalikusanya hilo joto, inalibana mpaka linakuwa joto la maana, feni inalipuliza vyumbani. Kiangazi tunageuza mambo, joto la vyumbani linakwenda kutupwa ziwani."

"Joto lipi la ziwa, baba mdogo," Denise akaniuliza. "Watu wameegesha malori juu yake."

"Juu ndiko kuna barafu. Chini maji hayagandi. Waulize samaki."

Reino akanigeukia. "Veikko. Unataka kumpasha mke wangu joto kwa barafu."

"Ndiyo."

"Na hii si kama ile ya paa la kanisa."

"Hii ni ya kweli."

"Hapo ndipo ninapoogopa," Reino akasema. Lakini kesho yake alikuwa mlangoni kwangu na glavu zake.

Mambo ya ubaridi nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa mafriji yaliyokufa ninayoyaweka bandani. Nilikuwa natafuta mashine kwa siri tangu daktari aseme lile neno, na nilikuwa nimeshaipata: nyumba ya mazishi ya mjini, ile ya kuandalia na kuagia maiti, ilikuwa inakarabatiwa, wakaitoa pampu yao nzima ingali na nguvu, sanduku la ukubwa wa kabati la nguo. Upande wa gesi ya ubaridi ulikuwa umefungwa tangu kiwandani na sikuugusa. Sheria hairuhusu, na mimi mwenyewe nauogopa. Kazi yangu ilikuwa kuiletea maji upande mmoja na hewa upande wa pili.

Tuliposhusha lile sanduku kwenye chumba cha chini cha nyumba, Lempi alikuja juu ya ngazi na shali lake.

"Huko ilikotoka ilikuwa inafanya kazi gani, shemeji?"

"Ilikuwa inapasha ukumbi wa mbele," nikasema. "Na kupooza chumba cha nyuma."

"Yaani imewahudumia kina nani?"

"Nusu ya wilaya," nikakubali. "Hakuna aliyelalamika."

Lempi akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Reino akatoka nje akaenda kusimama kwenye theluji bila kofia. Alipopata pumzi, Lempi akafuta macho. "Vizuri," akasema. "Tuzoeane mapema mimi na hiyo mashine, siku yangu ikifika tusionane wageni."

Sasa mabomba. Ukitaka kuzamisha kitu kizito katikati ya ziwa, mtu wa mahali pengine angeagiza boti kubwa na watu wa kuzamia. Sisi hungoja barafu. Kila kizito huku husafiri juu ya barafu: mbao, magari mabovu, hata nyumba ya kasisi ilihamishwa hivyo ikivutwa na farasi, na mke wa kasisi akipika ndani (ndivyo alivyosimulia baba yangu, kwa hiyo mna haki ya kuonja chumvi). Unaunda kitu chako barafuni, unakifunga uzito, unakwenda nyumbani kunywa kahawa. Masika, baridi ikiondoka, barafu inalegea, kitu kinazama chenyewe mahali ulipokiweka.

Basi tukaunda fremu ya nyavu za uzio, pana kama sakafu ya ghala, tukaifungia mizunguko ya bomba jeusi la plastiki, mzunguko juu ya mzunguko, kama tambi kwenye sinia. Kila pembe na kila ubavu tukafunga matofali ya saruji. Mabomba tukayajaza maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, ile isiyodhuru samaki, maana ofisi ya ziwa ilitoa ruhusa kwa sharti hilo na samaki wenyewe ni majirani. Ncha mbili ndefu za bomba zikaja hadi ufukweni, tukaziba midomo yake. Mwisho tukafunga kamba nene kwenye fremu, tukaileta nchi kavu.

"Tuifunge wapi?" Reino akauliza.

Mti wa karibu ulikuwa umezikwa na theluji hadi kiunoni, na mikono yetu ilikuwa imekufa ganzi. Gati la Reino lilikuwa pale pale ufukweni.

"Gatini," nikasema. "Si limekaa?"

Likumbukeni hilo gati. Nitalirudia.

Kabla halijaleta balaa lake, likazuka la Marlys. Marlys Haugen ana duka la chambo ng'ambo ya ziwa, na ndiye mwenye shindano la barafu. Kila mwaka huwekwa choo cha mbao, kimepakwa rangi ya chungwa, katikati ya ziwa, na kila mtu hutaja siku kitakayozama. Marlys huandika majina na siku kwenye kioo cha dirisha la duka kwa rangi nyeupe. Mshindi hukaa mbele ya gari la zimamoto kwenye maandamano ya katikati ya kiangazi, na kupiga king'ora. Zawadi ni hiyo tu, na kwa ajili yake nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu.

Mwaka ule Marlys alikuwa hospitali akibadilishwa nyonga, choo kikabaki nyuma ya duka. Watu wakatazama ziwani, wakaona dude letu jeusi. Wakadhani Marlys ameamua kubadilisha. Aliporudi na magongo yake alikuta kioo kimejaa majina, akapanda gari, akaja hadi kwa Reino.

"Ondoa," Reino alimwambia, akimaanisha majina.

"Siwezi kuondoa. Mji mzima umeshasema siku yake."

"Marlys," nikasema, "lile ni jiko la Lempi."

"Najua ni nini. Lakini kuanzia leo ni la watu wote, na sheria ni ile ile. Asiliguse mtu mpaka lizame lenyewe. Anayeligusa hashiriki tena maisha yake yote, na mimi nitahakikisha hauziwi chambo."

"Na wewe umetaja siku gani?" Lempi akauliza kutoka dirishani.

Marlys akasita. Yeye ameendesha shindano lile tangu mumewe afariki na hajawahi kushinda hata mara moja. "Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano," akasema. "Baada ya chakula cha mchana." Akatazama lile dude kwa jicho ambalo sikulipenda.

Masika ikafika. Barafu ikageuka kijivu, kisha nyeusi, ikaanza kulia usiku kama ng'ombe mwenye njaa. Ikabanduka ukingoni, ikaacha mfereji wa maji kati yake na nchi. Lempi alikuwa amekaa baridi yote hiyo kwa hita mbili za umeme, kavaa makoti mawili ndani ya nyumba, na jiko halikuwashwa ila siku zile ambazo kucha zilikuwa zinabadilika rangi. Kila lilipowashwa, kikohozi kilirudi kwa wiki nzima. Alikuwa amekonda. Kila asubuhi alinipungia mkono dirishani, na kila asubuhi nilihesabu tu kwamba bado ananipungia.

Ile Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano Reino aliweka kiti chake gatini, akakaa na kikombe cha kahawa kutazama barafu. Mimi nilikuwa nakuja na mkate wa iliki mdomoni. Upepo ulikuwa umelala. Kisha ukaamka, na ukaamkia upande mbaya, kutoka msituni kwenda ziwani. Kukapasuka mlio kama bunduki, na pande zima la barafu lenye mabomba yetu likajitenga, likaanza kuondoka. Polepole, kwa adabu.

Kamba ikakaza.

Sasa niwakumbushe. Huku ziwa likiganda huponda kila kilicho majini, ndiyo maana kila mwenye akili hulivuta gati lake nchi kavu kabla ya baridi. Na ili lisimvunje mgongo, hulitia magurudumu. Reino ana gati zuri sana. Lina magurudumu manne ya trekta, na ameyapaka grisi mwenyewe.

"Reino," nikaita.

Reino akageuka kunitazama, na akiwa amegeuka hivyo akanipita. Gati liliteremka ufuko kama gari-moshi linalotoka stesheni, likaingia majini bila hata kumwaga kahawa, mapipa yake ya kuelea yakalibeba, likafuata barafu nyuma nyuma kama mbwa aliyefungwa kamba. Ncha za mabomba zikaburuzika kando yake. Reino hakusimama. Alitazama ufuko unavyokwenda mbali, akanywa kidogo.

Mtu asingeona ubaya wa jambo lile kama hajui ziwa linaishia wapi. Upande wa kaskazini kuna ukuta wa zamani wa kiwanda cha mbao, na maji yanapita juu yake na kuangukia mawe. Pande lile likifika pale, mabomba yatasagwa kama karoti. Hakuna barafu nyingine ya kuundia mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine Lempi atakuwa Arizona na mjusi. Niligeuka nikamwona yuko barazani bila shali, mkono kifuani. Nikakimbilia boti yangu, kwa mbio ambazo nyonga za Marlys zingezionea aibu.

Nilipofika katikati nikakuta mji mzima umeshafika. Mlio ule ulisikika ziwa zima, na kila mtu alishuka na boti yake kuona shindano litakavyoishia. Wamelizunguka lile pande, injini zinanguruma polepole, na hakuna anayeligusa. Marlys alikuwa mbele, ameketi kwenye boti yake na kipaza sauti cha michezo ya hoki.

"Rudini nyuma," alikuwa anasema. "Asiguse mtu. Sheria ni sheria."

"Marlys," nikapaza sauti, "linakwenda ukutani."

"Naona."

"Likianguka pale mabomba yamekwisha."

"Likianguka pale limezama," mtu mmoja akasema, "na ni baada ya chakula cha mchana."

Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu yake: likifika ukutani, Marlys ameshinda. Nikamwona anatazama ukuta, anatazama saa, anamtazama Reino.

"Reino," akasema kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa karibu kiasi cha kunong'ona. "Lempi anasemaje?"

Reino akageuza macho barazani kwake. "Hasemi," akajibu. "Pumzi anaitunza."

Sijui katika mji huu ni nani mwingine angesema maneno mafupi hivyo yakafika mbali hivyo. Marlys alikiweka chini kipaza sauti. Yeye mumewe alikufa kwa kifua. Alikuwa amesahau kwa ajili ya king'ora cha zimamoto, na hapo nikaona anakumbuka. Akachukua kamba ya boti yake, akaitengeneza kitanzi, akalirushia gati mwenyewe, na nyonga yake mpya hiyo hiyo.

"Mnangoja nini," akawaambia wengine. "Vuteni jiko la mwenzenu."

Basi nimeona mengi, lakini sijaona ziwa zima likifungwa kamba na kuvutwa nyumbani. Boti za uvuvi, boti za kifahari za watu wa mjini, mtumbwi mmoja wenye bibi mmoja na kasia moja, zote zimekaza kamba, na mbele yetu barafu kubwa kama uwanja inageuza kichwa shingo upande. Injini yangu ilitoa moshi wa rangi ambayo haina jina. Tulivuta, upepo ukavuta, tukavuta. Reino akiwa katikati ya vita ile, kwenye kiti chake, anaelekeza njia kwa kikombe.

Mahali tulipokuwa tumepima hatukupafikia. Tulipokuwa mkabala na sauna, barafu ilichoka kabla yetu. Ikafanya nyufa, ikalainika kama sukari, na dude letu likaanza kushuka upande mmoja, kisha wa pili, matofali yakiaga moja moja.

"Kata kamba," nikamwambia Reino.

Reino akaweka kikombe chini, akatoa kisu, akakata. Mabomba yakaenda chini na mapovu machache, ncha zake mbili zikabaki zimeshikwa na Marlys mikononi kama mtu aliyeshika masikio ya sungura. Pale palikuwa na shimo ambalo nimekuwa nikiwaambia watu halina mwisho. Lina mwisho. Mabomba yalilala humo vizuri, kwenye kina kikubwa kuliko tulivyopanga, mahali maji yanapotulia zaidi. Siwezi kusema nilipanga, ingawa nimeshasema mara kadhaa.

Mtaro wa kuleta mabomba nyumbani tulilazimika kuupitisha kwenye bustani ya maua ya Lempi. Tulichimba na nusu ya waliovuta, maana mtu akishavuta barafu ya mwenzake hataki kuachia hapo. Marlys alifuta kioo chote cha duka, akatangaza shindano la mwaka ule halina mshindi. Kiangazi kilipofika, watu wa zimamoto waliwapakia mbele yeye na Lempi pamoja. King'ora walikipiga kwa zamu hadi mbwa wa wilaya wakahama.

Wiki ya joto kali, ile ambayo hata misonobari inatoa jasho, niliiwasha mashine kwa mara ya kwanza upande wa kupooza. Tulisimama wote watatu juu ya tundu la sakafuni. Ikakohoa. Ikatulia. Kisha hewa baridi ikapanda.

Lempi akaomba shali lake. "Imewakumbuka wateja wake wa zamani," akasema.

Lakini kupooza ni rahisi. Hata kisima kinapooza. Kupasha ndiko kulikokuwa kunaninyima usingizi. Majani yalianza kubadilika, nikawa naamka naitazama ile mashine kama daktari. Majani yakaanguka. Barafu nyembamba ikaota ukingoni mwa ziwa, na mchana wa siku hiyo hiyo Denise akafika na gari la kukodi, maboksi yamekunjwa nyuma.

Aliingia, akasimama katikati ya sebule na koti lake. Akasikiliza. Akaenda kwenye jiko la kuni, akafungua mlango wake: ndani Lempi alikuwa ameweka chungu cha maua mekundu. Denise akaanza kutafuta hita za umeme chini ya vitanda, kama mtu anayetafuta nyoka.

"Hakuna," nikamwambia.

"Hapo juu ya ngazi?"

"Hakuna."

"Sasa linatoka wapi, baba mdogo?"

Nikamwonyesha dirisha. Nje ziwa lilikuwa linaganda. Akatazama ziwa, akanitazama mimi, akawa na uso ule wa watu wa dukani. "Tutaona asubuhi," akasema. Maboksi akayaacha garini, lakini gari hakulifunga.

Usiku ule baridi ilishuka kweli kweli, ile inayofanya misumari ya nyumba ilie. Mimi sikuwapo, niliyasikia kwa Lempi. Denise aliamka jua limeshatoka na moyo unamwenda mbio, kwa sababu ukuta ulikuwa kimya. Hakuna kikohozi. Akadhani la kudhaniwa. Akatoka mbio chumbani hadi jikoni, na pale akamkuta mama yake amekunja mikono ya blauzi, anasuka mkate wa iliki.

"Mbona huna soksi?" Lempi akamwuliza.

Denise akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama peku kwenye sakafu, asubuhi ya baridi kali vile, na hakuwa amegundua. Akavuta kiti, akakaa, akalia kidogo, na Lempi akampa unga akande, maana ndivyo anavyobembeleza.

Jumamosi jioni tuliwasha sauna. Ile haiguswi, sauna ya kuni itabaki ya kuni hata mimi nikivumbua jua jingine, na Lempi huingia moto ukishakufa na moshi ukishatoka, mvuke mtupu, ambao daktari mwenyewe alisema haumdhuru. Denise alikuja kutoka garini amebeba maboksi yote kifuani. Akayachana mwenyewe, akayasukuma ndani ya jiko la sauna, akachoma.

Tulikaa kwenye ngazi tukingoja mawe yapate joto. Nikasafisha koo, nikamsimulia habari ya gati, kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika kwenye boti zote za ziwa akaanza kutikisa kichwa. Nilipofika kwenye masikio ya sungura akanisimamisha, akamgeukia baba yake.

"Baba, sema wewe. Ni kweli alivyosema? Ulisafiri juu ya gati hadi katikati ya ziwa?"

Reino akayageukia maji.

"Kahawa ilipoa," akasema.